Singo, Ekstra au Dabo: Kuchagua Kebini ya Pikapu Ukikaa Tiwi

Kabla hujamuuliza mtu yeyote bei, tafuta futi ya seremala na mahali penye kivuli ambapo pikapu mbili za jina moja zimeegeshwa, singo kebini na dabo kebini. Ukunda, pale njia panda ya kuingilia Diani, hukosi. Waombe ruhusa wenyewe kwanza, maana dereva akimwona mtu ameinama na futi kando ya gari lake atadhani benki imemtuma. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kwa Hilux ya kizazi kilichoanza 2015 utapata mita 3 na sentimita 8 na ushee, na jibu ni hilo hilo kwa zote mbili. Pima bampa hadi bampa: mita 5.3 hivi, zote mbili tena. Sasa panda nyuma upime bodi kwa ndani. Singo itakupa takriban mita 2.3. Dabo, mita 1.5. Ukibahatika kuona ekstra kebini, ile yenye kiti kidogo nyuma ya dereva, utapata kama mita 1.8. Isuzu D-Max nayo haiko mbali na hesabu hiyo.

Gari basi ni lile lile. Walioliunda wamesogeza ukuta tu. Kila sentimita unayompa abiria wa nyuma umeinyang'anya nazi, na kila sentimita unayoipa nazi umemnyang'anya mtoto wa mtu. Muuzaji atakwambia dabo kebini ni kubwa. Si kubwa. Ni pikapu ile ile iliyogawanywa kwingine, na kazi yako ni kuamua mpaka upite wapi.

Uamuzi huo haufanywi yadini. Unafanywa nyumbani, kwa daftari la shule na kalamu, na unachukua mwezi mzima. Kila siku usiku andika mambo mawili: leo ningekuwa na pikapu, ningebeba watu wangapi kwa mpigo mmoja, na ningebeba nini. Usiandike unachotamani kubeba. Andika ulichobeba kweli, hata kama kilipanda tuktuk au bodaboda. Mimi nilifanya hivyo mwaka tuliohamia kwa mama, tukiwa watu sita nyumbani, na nilianza nikiwa na hakika kwamba bila dabo kebini hatuwezi kuishi. Daftari lilipofika mwisho, siku nyingi kabisa zilikuwa na mtu mmoja au wawili garini: mimi na mama tukipeleka nazi Kombani, mimi na kijana wa kazi tukifuata saruji Ukunda, mimi peke yangu nikienda Kwale kwa karatasi za shamba. Siku za familia nzima zilikuwepo, ila zilikuwa chache na zilijulikana mapema: harusi, kliniki ya Msambweni, siku ya kufungua shule. Siku kama hizo mtu hukodi gari akafanya mambo yake na roho ikatulia.

Lakini daftari la jirani yangu lingesema mengine. Yeye ni mwalimu na mkewe yuko Diani hotelini, na kila asubuhi wanapeleka watoto watatu madrasa na shule kabla ya wao wenyewe kufika kazini. Mzigo wake ni mifuko ya vitabu na, mara moja kwa juma, majani ya mbuzi. Kumwambia huyo anunue singo kebini ni kumwonea. Ndiyo maana siwezi kukupa jibu moja. Ninachoweza ni kukuonyesha mitego.

Mtego wa kwanza ni uzito. Watu wengi wanaamini bodi ndefu hubeba kilo nyingi zaidi, na bodi fupi hubeba kidogo. Piga hesabu ya mchanga. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa mita 1.5, upana karibu huo huo, na kina cha karibu nusu mita. Ukiondoa nafasi inayoliwa na magurudumu, unabaki na kama mita moja ya ujazo. Mchanga wa ujazo huo una uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Pikapu hizi zimeundwa kubeba tani moja hivi. Kwa hiyo hata ile bodi unayoiita fupi, ukiijaza mchanga hadi ukingoni, umeshalivunja gari mgongo. Saruji vilevile: mifuko ishirini ya kilo 50 ni tani moja, na ukiipanga vizuri inatosha kwenye dabo bila kuonekana kitu. Mawe ya kujengea kutoka kwenye matimbo ya huku kwetu yanadanganya macho zaidi, kwa kuwa hukauka juu yakabaki na maji ndani, hasa wakati wa masika.

Bodi ndefu si ya vitu vizito. Ni ya vitu virefu na vyenye kujaza nafasi: makuti, mabati, magodoro, viti vya shughuli, boriti, tanki tupu la maji, magunia ya makumbi. Chukua bati la mita 3. Kwenye singo, ukifungua mlango wa nyuma unaongeza kama nusu mita, bati linalala likitokeza shubiri moja tu. Kwenye dabo, hata mlango ukiwa wazi, mita nzima inaning'inia hewani na utalazimika kufunga kitambaa chekundu na kwenda polepole ukimwomba Mungu bati lisikatike kwenye tuta. Boriti utaziweka juu ya paa la kebini kwa kerya ya vyuma. Inawezekana, mafundi wa kuchomelea wa Ukunda wanaijua kazi hiyo, ila ujue mnyanyuo wa kila safari ni wa mgongo wako.

Na abiria pia ni mzigo. Watu watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Toa hizo kwenye tani yako, kumbuka pia kwamba kebini kubwa yenyewe ina chuma na vioo zaidi, na uzito huo nao umekatwa kwenye haki ya mzigo. Yule anayesema "familia mbele, saruji nyuma, safari moja" anaongea juu ya mifuko kumi na miwili au kumi na mitatu, si ishirini.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu wauzaji hawalisemi na ndilo mafundi wanalolia nalo. Kwenye singo kebini bodi huanzia mbali mbele, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo hukaa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwenye dabo, kwa kuwa umbali wa magurudumu haukubadilika lakini kebini imesogea, bodi yote imesukumwa nyuma. Nusu ya mzigo hukaa juu ya ekseli ya nyuma na nusu inaipita. Panda nayo kilima cha Golini, kutoka Kombani kwenda Kwale, ikiwa na tani nyuma. Utahisi usukani umekuwa mwepesi mikononi kama usukani wa gari la watoto. Mbele kumenyanyuka. Taa zako usiku zinamulika vilele vya miembe. Ukishuka na mvua imenyesha, breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, hazina uzito wa kutosha juu yake. Singo ikiwa na mzigo ule ule itanung'unika, lakini mbele itabaki chini.

Fundi mmoja wa Ngombeni aliwahi kunionyesha dabo iliyokuwa ikibeba mawe. Aliniita niangalie mwanya kati ya kebini na bodi. Chini ulikuwa wa kidole kimoja, juu wa vidole vitatu. "Gari hili halijachoka, mzee," akaniambia. "Limevunjika kiuno." Chesisi ilikuwa imejikunja nyuma ya kebini, pale pale mwanya unapopita. Tangu siku hiyo nikienda kuangalia pikapu ya mkononi, hicho ndicho kitu cha kwanza, kabla hata ya kufungua boneti. Nasimama ubavuni, mbali kidogo, natazama kama mwanya uko sawa juu na chini. Kisha nalala chini na tochi kuangalia kama kuna mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya.

Tuje kwa watu. Pwani hii tumelelewa nyuma ya pikapu. Matatu za zamani zenyewe zilikuwa Peugeot 404 zenye mabenchi mawili ya mbao na turubai juu, na ukiongea na wazee wa Tiwi watakueleza walivyokuwa wakikaa magoti yakigusana, kuku chini ya miguu. Kwa hiyo mtu hununua singo akijiambia siku ya familia watoto watapanda nyuma, hewa nzuri. Usinunue gari kwa mpango huo. Sheria haikubali, na askari wa trafiki akikusimamisha hatakuwa na kosa. Na hata pasingekuwa na askari, barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga si ile ya utoto wetu: malori ya tani nyingi, mabasi yaendayo Tanga, na bodaboda wanaokatiza bila kutazama. Hesabu viti vyenye mikanda. Watu wako wakizidi hivyo, gari halikutoshi.

Singo nyingine zina benchi la mbele la watu watatu na mikanda mitatu, nyingine zina viti viwili vilivyotengana. Hili ni jambo la kuuliza wazi, kwa sababu kwenye tangazo zote huitwa singo. Benchi la watatu limewatosha wazazi wengi wenye mtoto mmoja kwa miaka mingi, ingawa yule wa katikati hukaa na gia mapajani. Jambo jingine la singo ambalo hulijui mpaka uende safari ni mgongo wa kiti. Ukuta uko nyuma yako moja kwa moja, kiti hakilali. Kwenda Kwale hutaona tabu. Kwenda Nairobi, ukifika Mtito Andei utakuwa umejua kila mfupa wako kwa jina. Kwa upande wa pili, kebini ndogo hupoa haraka. Ukiliacha gari juani saa saba mchana, AC ya singo imekutuliza kabla hujafika lami, ilhali kwenye dabo waliokaa nyuma bado wanajipepea.

Ukiwa unataka dabo, usiende kuiona peke yako. Nenda na mtu mzima kuliko wote nyumbani, na mrefu kuliko wote. Mzee apande nyuma bila kusaidiwa. Gari la juu ni zuri mashimoni lakini goti la bibi wa miaka sabini halijali mashimo. Yule mrefu akae nyuma ya dereva, dereva akiwa amesogeza kiti anavyopenda mwenyewe, wakae robo saa nzima wakizungumza. Migongo ya viti vya nyuma kwenye dabo nyingi imesimama wima kuliko ya gari dogo, na dakika mbili za kujaribu hazitakuonyesha. Ikiwa nyumbani kuna mtoto wa kiti maalumu, nenda na kiti chenyewe.

Ekstra kebini ndiyo inayonipa shida kuisemea, kwa sababu naipenda na watu hawanisikilizi. Nissan waliileta kwenye pikapu ndogo 1977 kwa jina la King Cab, wengine wakaipa majina yao, na kila jina linaahidi watu wanne au watano. Usiamini. Kile kiti cha nyuma ni cha mtoto wa shule kutoka Waa hadi Tiwi, au cha mtu mzima anayekupenda sana. Kwenye nyingi, mlango mdogo wa nyuma haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe, kwa hiyo kila anayeshuka anamsumbua aliye mbele. Kama gari la familia haifai.

Lakini isahau kama gari la watu, itazame kama gari la fundi. Nyuma ya kiti unapata kabati lenye kufuli lisilolowa. Msumeno wa umeme, mashine ya kuchomelea, mashine ya kutobolea, nguo safi za kubadilisha, karatasi za mteja, vyote viko ndani, na bado una bodi ya mita 1.8 inayomeza magodoro na mbao. Kwa mtu anayejenga nyumba za wageni kando ya ufuo, au fundi bomba anayetembea kutoka Tiwi hadi Galu, sijaona inayoishinda. Ukiwa na singo, kila ulichonacho kiko nje. Foleni ya feri ya Likoni ina mikono myepesi, na hata tangu barabara ya Dongo Kundu ilipounganishwa hadi Kibundani 2024, foleni bado zipo Miritini na Changamwe. Mvua ya Mei nayo haina haja ya foleni. Mwenye singo lazima anunue turubai zuri na kamba za kweli, au kanopi, na akishafunga kanopi makuti yake hayaingii tena.

Wa samaki sitamwambia mengi kwa sababu anajijua: singo, na kasha la barafu. Nimwambie tu kwamba maji ya barafu yenye chumvi hushuka chini ya bodi na kula chuma kimyakimya. Ndivyo ilivyo kwetu sote tunaoishi upepo wa bahari unapofika. Na hapa kuna jambo la wanunuzi wa dabo zilizotoka nje. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, na lazima usukani uwe upande wa kulia. Japani, ambako magari yetu madogo hutoka, Toyota iliacha kuuza Hilux 2004 mpaka ikairudisha 2017, kwa hiyo pikapu nyingi za mkononi hutujia kutoka Thailand, Afrika Kusini na Uingereza. Ya Uingereza huwa imetunzwa, viti safi, kitabu cha huduma kimejaa. Lakini barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari limekula chumvi ya huko miaka saba, unalileta kula chumvi ya Tiwi. Liegeshe juu ya shimo la fundi uligonge chesisi kwa nyundo ndogo, usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza.

Bei ya kununua hupanda kwa mpangilio unaoutarajia, singo chini, ekstra katikati, dabo juu. Kwenye kuuza, dabo hupata mteja haraka kwa sababu ofisi na familia zote zinaitafuta. Singo nzuri nayo haikai, ila singo nzuri ni adimu, nyingi zimefanyishwa kazi ya punda tangu siku ya kwanza. Bima uliza kabla ya kulipa chochote. Mawakala wengi huziweka pikapu kwenye fungu la biashara, wengine wakakukubalia dabo kama gari la binafsi. Ukikubaliwa hivyo, kisha siku ya ajali ikutwe imebeba magunia ya mtu kwa kulipwa, usimlaumu wakala. Sema ukweli wa kazi ya gari kwenye fomu hata kama malipo yatapanda.

Kuna safari moja ambayo watu hawaiandiki kwenye daftari, nami sikuiandika. Huku kwetu mtu akifariki Msambweni alasiri, mara nyingi anatakiwa awe amefika nyumbani na kuzikwa kabla giza halijaingia sana, na wanaopigiwa simu kwanza ni wenye pikapu. Jeneza la msikiti lina urefu wa mita mbili hivi. Kwenye singo linalala sawasawa na mlango unafungwa. Kwenye dabo linatokeza, mlango unabaki wazi, na kijana mmoja analazimika kulishika njia nzima hadi Tiwi. Nimekuwa kijana huyo. Sikwambii ununue gari kwa ajili ya siku hiyo, lakini ukinunua singo ujue utaitwa, na ukinunua dabo ujue utaitwa pia, ila kuwachukua wafiwa.

Mwishowe tulienda Mombasa, mimi, mke wangu na mama, kuangalia pikapu mbili zilizokuwa zimebaki kwenye orodha yetu. Mke wangu alikuwa na daftari. Mama hakuwa na habari na daftari; alikuwa amevaa buibui jipya na alitaka kuiona ile dabo nyeupe iliyokuwa inang'aa. Muuzaji alimfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote. Mama akapanda, akakaa, akanyoosha miguu, akaupapasa mkono wa kiti, akaniangalia kama aliyeridhika kabisa. Halafu akageuka, akachungulia kile kioo cha nyuma, akakaa kimya akiitazama bodi.

"Baba," akaniita, "na nazi zangu utaziweka wapi?"